Hukumu ya kadhi ninayo mkononi, huduma ya watoto siioni. Nifanye nini?

UmmuSalma_Micheweni

Assalamu alaykum. Nipo Pemba, upande wa Micheweni. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume ana mitano. Baba yao aliniacha, nikakaa edda kwa mama yangu hadi ikesha, na tangu hapo akawa hatoi kitu. Nikaenda mahkama ya kadhi kudai huduma. Kesi ilichukua miezi saba kwa sababu kila wito ukienda, yeye hayupo. Siku alipofika alikubali mwenyewe mbele ya kadhi: shilingi 90,000 kwa mwezi, na juu yake sare na madaftari ya skuli, matibabu, na nguo za Sikukuu. Ikaandikwa, ikagongwa muhuri, tukatia saini wote wawili.

Mwezi wa kwanza alileta zote. Wa pili akaleta 50,000. Wa tatu akatuma 30,000 kwa simu. Baada ya hapo, leo ni miezi sita, hata senti. Amehamia Unguja, anapika katika hoteli moja ya pwani ya mashariki na ameoa huko. Nikimpigia anasema hana kazi. Lakini kijana wa kijijini kwetu anafanya kazi hapo hapo, na anasema yupo jikoni kila siku.

Mimi nalima mwani. Anayejua kazi hii anajua kilo ya mwani mkavu hainunui kilo ya mchele. Na mwani unakwenda na maji: bamvua, zile siku za maji makubwa yanayojaa na kutoka sana, likija lazima uwe baharini, ukikosa siku zile umekosa. Katika ile miezi saba ya kesi nilipoteza mabamvua manne mahkamani. Viatu vya skuli vya Salma soli imeachia, nimevishona kwa taitai, ile kamba tunayofungia mwani. Anavaa hivyo hivyo na hasemi kitu, na huko kutosema kwake ndiko kunakoniumiza.

Nilirudi mahkama kuuliza, nikajibiwa dirishani kwamba hukumu imeshatoka, nimtafute mwenyewe. Sasa naomba anayejua anambie: naanza kesi upya? Lazima nivuke kwenda Unguja? Na hizi pesa za nyuma ndiyo zimeshakwenda?

Mkwezi_Konde

Dada yangu, pole sana. Kwa ushauri wangu nenda kwa sheha, wazee wa pande mbili wakae. Mahkama inavunja udugu na huyo ni baba wa watoto wako, mtazikana.

UmmuSalma_Micheweni

Kaka yangu, ahsante. Wazee walikaa mara mbili kabla sijakwenda kwa kadhi, na sheha aliandika barua, ninayo. Mama yake mzazi alikuwepo, alilia mbele yetu. Yeye ndiye anayenipa muhogo mpaka leo kwa ajili ya wajukuu zake. Aliyekataa ni mwanawe peke yake. Udugu bado upo.

BiMsaidizi_Wete

Alaykum salaam mwanangu. Mimi ni msaidizi wa sheria wa shehia, kazi hii nina miaka kumi na moja nayo. Nitakuandikia kwa kirefu, usome taratibu.

Usianze upya. Kesi yako imekwisha na umeshinda. Kilichobaki kinaitwa kukazia hukumu, na wanawake wengi hawajaambiwa kama kuna hatua hiyo. Kadhi akishahukumu, jalada linarudi kabatini. Hakuna mtu anayekaa akahesabu kila mwezi kama fulani kapeleka pesa au hakupeleka. Usiporudi wewe ukaandika kwamba hukumu haitekelezwi, mahkama haina la kufanya kwa sababu haina habari. Kwa hiyo aliyekwambia umtafute mwenyewe amekukosesha. Rudi mahkama ile ile iliyohukumu na useme: nataka kufungua maombi ya kukazia hukumu. Sema kwa maneno hayo hayo. Ukisema umekuja kulalamika watakusikiliza, halafu utarudi nyumbani bila ya namba ya maombi.

Sasa hesabu. Nimeitazama uliyoandika: mwezi wa pili kapunguza 40,000, wa tatu 60,000, na miezi sita mizima ni 540,000. Jumla 640,000. Hiyo ndiyo itakayoandikwa. Nunua kaunta buku, mwezi mmoja mstari mmoja: tarehe, alichotakiwa, alichotoa, kilichobaki. Ile 30,000 ya simu iandike vile vile, na ujumbe wake usiufute. Mwanamke akificha kidogo alichopewa, siku kikitokezea mbele ya kadhi, hata kile cha kweli kinatiliwa shaka. Na kama alinunua nguo za Idi, andika.

Pesa za nyuma. Hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya. Kwa mafunzo ya Kishafii ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu huku, nafaqa, yaani huduma, ya mtoto ikipita siku zake bila kudaiwa kwa kadhi haiwi deni. Hukumu ya kadhi ndiyo inayoigeuza deni. Kwa maana hiyo zile siku za baada ya edda kabla hujafungua kesi, usizitegemee. Lakini kila mwezi tangu ile saini ni deni shingoni mwake, na kuoa kwake hakukulifuta. Ndiyo maana huwa nawaambia wasichana wasikae mwaka mzima wakimsubiri mtu abadilike, waende mapema.

Kwenye maombi unatakiwa useme unataka mahkama ifanye nini. Njia zipo: mali yake ikamatwe, au aitwe ajieleze kwa nini asipelekwe jela, au mshahara wake ukatwe na mwajiri kabla haujamfika mkononi. Wewe mtu wako ana mshahara, shika hii ya tatu. Jela mimi siipendi kuanza nayo, aliyefungwa hapiki hotelini na mwezi unaofuata hakuna cha kukata. Ila nikwambie kweli, ule wito wenyewe wa kujieleza umewaleta wengi waliokuwa hawashiki simu. Nilimsindikiza mama mmoja wa hapa Wete, mumewe alikuwa hajulikani alipo kwa mwaka na nusu. Wito ulipomfikia kazini, siku ya tatu alikuwa yupo Pemba na nusu ya deni mfukoni.

Kuvuka Unguja si lazima uanzie huko. Maombi unafungua hapa, na kwa kuwa yeye anaishi na kufanya kazi Unguja, omba hukumu ipelekwe mahkama ya huko ikatekelezwe. Uliza hili mapema ili jalada lisikae likingoja.

Kuandika usiandike peke yako kama huna uzoefu. Nenda Chake Chake, Kituo cha Huduma za Sheria wana ofisi pale, na wanasheria wanawake wa ZAFELA nao husaidia kesi hizi. Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo hulipii. Na wakati huo huo nenda kwa afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yako umweleze hali ya watoto. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18, na matunzo ni haki yake yeye mtoto. Ripoti ya Ustawi inasaidia sana mbele ya mahkama, kwa sababu ni mtu wa serikali aliyekuja akaviona vile viatu kwa macho yake.

Na bamvua, mwanangu, lisemee. Karani anapokupangia tarehe mwambie: siku hizi na hizi nipo baharini, nipe ya maji mafu, bamvua lisipokuwepo. Sijawahi kuona mtu akikataliwa kwa kuomba hivyo kwa adabu.

BabaNasra_Fuoni

Nimesoma na nimeona niandike, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili.

Nilikuwa mhudumu wa hoteli huku Unguja. Nilihukumiwa 100,000 kwa mwezi kwa binti yangu. Masika ikaja, hoteli ikapunguza watu kama zinavyofanya nyingi zikikosa wageni, nikakaa bila kazi miezi miwili. Sikumwambia mtu. Kila nikiona namba ya mama Nasra naacha inaita. Kazi ilipopatikana tena deni lilikuwa limeshanitisha, nikaona bora nisianze. Mpaka wito ukaletwa kazini, nikapewa mbele ya wenzangu.

Kadhi hakunifokea. Aliniuliza: ulipokosa kazi, ulikuja hapa kutwambia? Sikuwa na jibu. Akanisomea aya ya Suratut Talaq, kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa riziki atoe katika kile alichopewa na Mwenyezi Mungu. Akasema aya hii ina sehemu mbili na mimi nimeshika ya pili tu, na hata hiyo sikuifuata kwa sababu sikutoa chochote. Kiwango kikapunguzwa hadi 60,000 kwa miezi minne ya mwanzo, halafu kikarudi pale pale, na deni likagawanywa kidogo kidogo. Vyote vinakatwa kwenye mshahara, mimi sivigusi. Mwanzo niliona nimedhalilishwa. Sasa ni mwaka wa pili, Nasra ananipigia mwenyewe na mimi napokea.

Dada, mambo mawili ya kutoka upande wa kazini. Omba vitu viwili mbali mbali: 90,000 ya kila mwezi, na deni la 640,000 kwa mafungu. Ukivichanganya, pesa ikikatwa haijulikani ni ya mwezi huu au ni ya deni, na mtazozana tena. La pili, jina. Mahotelini watu huitwa kwa majina ya kazi. Barua ya mahkama ikija na jina la mtaani, uhasibu watasema hatuna mtu huyo, na hawajasema uongo. Liandikwe jina kamili lililo kwenye kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, na kazi anayofanya.

UmmuSalma_Micheweni

Mama, shikamoo, na kaka wa Fuoni, Mungu akuwekee Nasra wako. Nimesoma mara tatu. Jina kamili lipo kwenye hati ya talaka na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Lakini nina hofu moja. Aliwahi kunambia nikimfuatafuata atawachukua watoto awapeleke Unguja akae nao, na asilipe tena. Anaweza?

BiMsaidizi_Wete

Marahaba. Kwa tamko lake peke yake hawezi. Akitaka watoto afungue shauri la hadhana, yaani la nani akae na watoto, asikilizwe yeye, usikilizwe wewe, na Salma kwa umri wake huenda naye akaulizwa. Mpaka iamuliwe vyengine, hukumu iliyopo ndiyo inayofuatwa. Ila na wewe usimkatalie kuwaona wala kuzungumza nao kwa sababu hakulipa. Huduma ni jambo lake na kuonana ni jambo jengine, ukivifunga pamoja utampa la kusema mbele ya kadhi. Na akikutisha kwa ujumbe wa simu, usijibu, uhifadhi.

Unakwenda lini?

UmmuSalma_Micheweni

Jumatatu, in shaa Allah. Ni maji mafu, shamba langu la mwani halitonidai. Nitaanza Chake Chake kwa hao wanasheria, halafu mahkama wakishaniandikia. Nimeshatia kwenye mfuko wa plastiki hukumu, hati ya talaka, vyeti vya watoto viwili, barua ya sheha na kitambulisho changu. Kaunta buku nimenunua jana, mistari tisa nimeijaza, ya mwezi wa kwanza nimeandika "kamili". Ustawi nitakwenda Jumatano, na Salma nitamchukua pamoja na viatu vyake.

Jana usiku baba yao kapiga simu, ya kwanza tangu Ramadhani. Nikampa Salma, nikatoka nje nikawaacha wazungumze. Alipokuja kunirudishia simu aliniuliza kama baba atakuja Sikukuu. Nikamwambia sijui. Ya Jumatatu sikumwambia.

BiMsaidizi_Wete

Ukifika Chake nipigie, namba yangu nimekutumia kwa siri. Na hukumu itoe kopi tatu kabla hujaingia popote, asili yake usimwachie mtu.