MJADALA: "Mimi sina ubaguzi, lakini hii posa usiniletee". Hii tuiiteje?

Wadau habari za wikendi. Kuna jambo linanikaa rohoni muda mrefu nataka tulijadili, na wale wa kuandika "ponjoro" (tusi la Mhindi) na "golo" (tusi la Mswahili) naomba wapite kando, hayo maneno yote mawili nimeyasikia toka nikiwa mdogo na sijaona alichofaidika mtu.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mshenga. Jamaa yangu, tumekua wote kwenye nyumba moja ya Msajili (zile za serikali) hapa mjini Dar, alikuwa na binti wa Kihindi wa ghorofa ya juu yetu, miaka saba hiyo na sio kwa siri, ngazi ni moja tunapanda wote, mama yake binti ndo alikuwa anatupa kachori tukitoka shule. Muda wa kuoa ukafika akanipa mimi barua nipeleke. Nikatafuta mzee mmoja wa kunisindikiza, nikapiga pasi shati, barua kwenye bahasha na hela yake kwenye leso kama inavyotakiwa, tukagonga.

Baba yake binti alitupokea vizuri mno na kwangu mimi hapo ndo penye shida. Chai ya tangawizi, chevda, tukapiga stori za Simba na Yanga (ye Yanga wa kufa), Kiswahili chake cha Kariakoo kabisa. Nikatoa barua. Akaiangalia, hakuifungua, akanirudishia kwa mikono miwili akasema mwanangu wewe unanijua, mimi sina ubaguzi, lakini hii usiniletee. Nikamuuliza kosa la kijana nini. Akasema hana kosa. Tukakaa kimya pale mpaka chai ikapoa, alafu akasema "Nikifa nani atanizika?"

Sasa hoja yangu. Tukiongelea ubaguzi tunaulizana nani anamchukia nani. Yule mzee hamchukii mtu, ningekula kiapo. Ila ada za wajukuu, matibabu, mkopo wa duka, mpaka kaburi, vyote anavipata kwenye jamati yake (jumuiya ya dini yao), na jamati inakuhesabu kwa watoto wako wameolewa wapi. Yani ubaguzi unaweza ukakaa miaka mia bila kuhitaji mtu hata mmoja mwenye roho mbaya, unahitaji tu watu wanaoogopa kubaki peke yao.

Na mji wenyewe ulipangwa hivyo. Mjerumani 1914 alitoa kanuni za ujenzi zilizogawa Dar kanda tatu, Mwingereza akaendeleza, ndo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ule uwazi wa Mnazi Mmoja uliachwa makusudi utenganishe Uhindini na Kariakoo, leo tunakatiza pale kuwahi daladala hatujui kama tunavuka mpaka. Shule za kila rangi kivyake. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majumba ndo wazazi wetu wakapanda ghorofani. Ngazi zimetuchanganya lakini kwenye posa kila mtu bado yuko kanda yake. Na Sheria ya Ndoa, ya mwaka huohuo 1971, inakataza kuoana ndugu wa karibu, inakataza mwenye mume kuolewa tena, kuhusu rangi haina hata mstari. Kwahiyo nani anakataza?

*Mdau wa Magomeni:*
Mkuu unakuza mambo. Hiyo ni dini sio rangi. Jamaa yako angebadili dini angepewa.

*Mdau wa Temeke:*
Wa Magomeni, ngoja nikwambie kitu. Mimi Mswahili na ni Shia, dhehebu moja na hao Wahindi, nimesomeshwa nao, Muharram natembea nao bega kwa bega, msibani nabeba jeneza lao. Nilipotuma posa nikaambiwa si kufu, yani sio wa hadhi yao. Nikauliza kufu gani tena hiyo wakati Mtume alimuozesha Zaynab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe, kwa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru? Hakuna aliyenijibu. Kila mwaka tunahutubiwa habari za Bilal na adhana yake watu wanatoa machozi, ila Bilal huyo angetuma mshenga kesho yake angerudishiwa bahasha. Nimeoa Mzaramo, nina amani zangu, lakini msiniambie dini.

*Mdau wa Unguja:*
Kaka mleta mada umeandika vizuri ila wanaume wote humu mnapita pembeni ya kitu kimoja. Mbona kipimo cha ubaguzi kimekuwa ni nyie mpewe binti zao? Mie nimezaliwa Unguja. Huku kwetu 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, wazee wao waliopinga wakakiona, na Karume akatetea mbele ya watu kuwa Waarabu zamani waliwachukua wanawake wa Kiafrika bila hata kuwaoa sasa mambo yamegeuka. Na Amin nae Desemba 1971 aliwaita Waasia wa Uganda kwenye mkutano, na katika kuwalaumu kwake likawemo na hilo, kwamba hawawaozi Waafrika binti zao. Mwaka uliofuata akawapa siku 90 waondoke. Kwahiyo nikisikia mwanamme analalamika "hawatupi wanawake wao" mie nywele zinasimama, samahani lakini ndo ukweli. Binti wa watu anakuwa kama kiwanja.

Alafu upande wa pili mbona hamuulizii? Mtoto wa kiume wa Kiarabu au wa Kihindi akizaa na msichana wa kazi hakuna barua wala mshenga, na hakuna alokuja kufungua mjadala. Zamani suria alikuwa anaingia ndani, mtoto wake anakuwa mtoto wa nyumba, hata masultani wamezaliwa na masuria. Ila binti wa nyumba kutoka nje, hilo ndo balaa. Muulizeni Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyetoroka hapa 1866 na mimba ya Mjerumani. Mlango ulikuwa unafunguka kwa upande mmoja tu na mpaka leo bawabu hajabadilika.

*Mleta mada:*
Dada umenikamata. Kweli kichwa changu kilikuwa kwa jamaa yangu tu. Ila kwenye hii stori binti ndo alikuwa anasukuma zaidi, barua aliisoma yeye kabla haijafungwa akasahihisha na herufi.

*Mdau wa Unguja:*
Hapo sawa. Ungeanza na hilo.

*Mdau wa Tanga, Mhindi:*
Mimi Mhindi, kizazi cha nne Tanga, naandika taratibu maana najua nitashambuliwa. Kwanza mnafikiri mnakataliwa nyinyi tu? Bohora na Khoja, wote Waislamu wa Kihindi, wanasali msikiti tofauti na wanaoana kwa nadra sana, Lohana na Patel, wote Wahindu, nao ni hesabu ndefu. Kaka yangu alioa Mhindi mwenzetu wa jamati nyingine, baba hakumsemesha miaka miwili. Sisi ni watu wachache, wazee wanaogopa vizazi viwili tu tumeisha, lugha imeisha, chakula kimebaki kwenye picha. Kulinda kitu chako sio lazima uwe unamdharau mwenzako, hata Wachaga wapo humu wanataka mkwe wa Kichaga na hakuna anayewafungulia uzi.

Ila nitasema na la pili kwa sababu humu hamnijui. Kaka yangu alisamehewa baada ya miaka miwili. Shangazi yangu aliolewa na Mdigo 1983, na kwenye albamu ya bibi kuna sehemu imekatwa na mkasi, duara safi kabisa, mkono wake tu umebaki begani kwa baba. Kwahiyo kuna kukataa na kukataa. Ile miaka miwili ilikuwa adhabu, huu mkasi sijui niuite nini. Na baba huyohuyo ndo alikuwa akitusimulia Oktoba 1961, Nyerere alivyosimama bungeni akakataa uraia wa kugawiwa kwa rangi, akasema bora serikali yake ijiuzulu. Anasema ndo maana hatukwenda Leicester, Uingereza, na wenzetu. Aliipenda ile hotuba sana. Mkasi alishika yeye.

*Mdau wa Magomeni:*
Duh.

*Mdau aliyeko Minneapolis:*
Mimi nimeolewa na mzungu huku Marekani nichangie la huku kwasababu wenzetu wana namba. Gallup (shirika la kura za maoni) 1958 waliuliza watu kuhusu ndoa za weusi na weupe, waliokubali ni asilimia 4. Nne tu. 2021 wakafika 94. Mwaka huohuo 1958 Virginia polisi waliingia usiku chumbani kwa Richard na Mildred Loving, mzungu na mweusi, wakawakamata wakati cheti cha ndoa wanacho, walienda kuoana Washington. Ndo hiyo kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani 1967 ikafuta sheria za majimbo 16 yaliyokuwa bado yanakataza. Alabama waliacha yale maneno kwenye katiba yao mpaka 2000, na siku ya kura ya kuyafuta kama watu wanne kati ya kumi walisema yasifutwe! 2000 hiyo, sio enzi za mababu.

Baba mkwe wangu yuko kwenye ile 94, ananipenda, krismasi ananinunulia soksi kama wanawe. Lakini mimi na mume wangu tukifika kaunta ya supamaketi, mkokoteni mmoja, mtoto mmoja kakaa juu, karani anauliza mnalipa pamoja au kila mtu chake. Mwaka wa tisa sasa. Kliniki nimeulizwa kama mimi yaya. Ukimuuliza huyo karani kwa simu ya Gallup atasema anakubali ndoa yetu na atakuwa hadanganyi, ila macho yake hayajaambiwa.

Na nyumbani msijisafishe jamani. Nilipompeleka mzungu Mbeya ukoo mzima ulikuja, mama alicheza mpaka kanga ikadondoka, hakuna aliyeuliza baba yake anafanya kazi gani wala kwao wana magonjwa gani. Mdogo wangu alipoleta Mmakonde mama alilia wiki nzima. Mama huyohuyo na mizani hiyohiyo, ameshika tu upande mwingine. Kwahiyo anaecheza ngoma kwasababu mkwe ni mzungu asijione ana moyo mkubwa kuliko yule mzee wa chevda.

*Mdau wa Ngara, Nairobi:*
Huyu wa Minneapolis ameongea. Watu husahau babake Obama alipooa Hawaii Februari 1961 haikuwa upande wa wazungu pekee wenye wasiwasi. Obama mwenyewe ameeleza vile babu yake Hussein Onyango aliandika barua kali kutoka Nyanza akisema hataki damu ya kina Obama ichafuliwe na mzungu. Mzee alikuwa amefanya kazi jikoni kwa wazungu miaka mingi, aliwajua na akasema hapana. Sijui hio mtaiita ubaguzi ama ni jeraha, mimi huona ni zote mbili. Na huku kwetu Wahindi walitambuliwa kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017, tukapiga makofi, lakini ukipita Parklands, mtaa wenye Wahindi wengi, jioni uniambie umeona wangapi wameoana. Tumezoea kukutana kwa duka, yeye kwa kaunta mimi huku nje.

*Mdau chotara:*
Naona mnajadili wanaooana tu. Sisi tuliotokea je? Baba Mwarabu mama Mnyamwezi. Shule nilikuwa "mwarabu koko", kwa bibi mzaa baba nilikuwa yule mweusi, wageni wakija napelekwa chumbani kuangalia tv. Kitu kinachonishangaza ni kwamba wanaonisifia nywele leo ni walewale. "Una nywele nzuri umechanganya nini", hiyo ndo salamu yangu kila ofisi mpya. Watu wanadhani wananipa pongezi. Sina la zaidi.

*Mdau wa Kimara:*
Mleta mada umetuacha hewani, jamaa alioa au hakuoa?

*Mleta mada:*
Alioa. Ndoa ya bomani, kwa mkuu wa wilaya. Na kama hamjui, unatoa taarifa siku 21 kabla na inabandikwa ubaoni nje, majina yote mawili. Hazikupita siku tatu picha ya lile tangazo ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya jamati yote. Siku ya ndoa upande wa binti alikuja mtu mmoja tu, mwalimu wake wa sekondari.

Wakahamia Tabata. Mtoto alipozaliwa mama yake binti akaanza kwenda kila Alhamisi na bajaji, na dumu dogo la kachori, nyumbani anaaga anaenda kliniki ya presha. Mzee hajawahi kutia mguu wala kumtaja binti, na jamati hawajamtenga, msibani anakwenda na anaitwa kama kawaida, kwahiyo hesabu yake imelipa ukiangalia hivyo.

Ila nadhani anajua za Alhamisi. Mwezi uliopita nimekutana nae chini kwenye ngazi amebeba mkate, tukasimama, akailaumu safu ya ulinzi ya Yanga kama dakika tano nzima, alafu huku anaangalia mtaani akaniuliza, "Anatembea?"

Nikamwambia anatembea mzee, anakimbia kabisa. Akaitikia kwa kichwa akapanda.