Bweni lifungwe usiku au lisifungwe?

Mama wa Kidato cha Pili: Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi tuliambiwa milango ya bweni itakuwa ikipigwa kufuli kwa nje kuanzia saa nne usiku, kwa kuwa wasichana wawili waliruka ua wakaenda disko. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana nondo. Niko peke yangu kweli?

Baba Wanne: Mama, pole, lakini mimi ni wa wale waliopiga makofi. Mtoto akitoroka akagongwa na gari, sisi hawa hawa ndio tutakaomshtaki mwalimu. Halafu Kyanguli moto uliwashwa kwa petroli, haikuwa ajali. Mlango ukiwa wazi usiku kucha, mwenye kibiriti utamzuia na nini?

Matroni Mstaafu: Baba, nimelala na funguo chini ya mto miaka 19. Usiku mmoja stima ilipotea, nikasikia harufu ya waya unaoungua. Funguo 11 kwenye pete moja, giza totoro, wasichana wanagonga mlango kwa ngumi na kuniita "Mathe! Mathe!" Nikaingiza wa kwanza, haukuingia. Wa pili ukaingia ukakataa kuzunguka. Sijui ulikuwa wa ngapi uliofungua. Ilikuwa swichi tu imeshika moto, hakuna aliyeumia. Kufuli lile lilirudishwa mlangoni jioni iliyofuata.

Mwalimu wa Zamu: Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu ya Kenya wa 2008 umeshasema haya: mlango kila upande wa bweni, upana usiopungua futi tano, ufunguke kuelekea nje, na wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda mita 1.2. Na bweni hufungwa mchana, watoto wakiwa darasani, wachomaji wasipate pa kuingilia. Sisi tumeugeuza: mchana wazi, usiku kufuli.

Kuna na hili. Kwetu zoezi la kutoka bwenini lilifanywa saa nne asubuhi, likapendeza. Tukarudia saa nane usiku, taa zimezimwa. Wote walikimbilia mlango wanaoutumia kila siku, wakarundikana, wengine wakajikwaa kwenye masanduku ya bati. Mlango wa pili ulikuwa wazi, hakuna aliyeukumbuka. Wazazi wawili walilalamika kwamba tumewatisha watoto.

Mtu wa Rombo: Habari za moto wa mabweni kutoka jirani, Tanzania. Shule ya Shauritanga, 1994, wasichana 42 walikufa. Shule ya Idodi kule Iringa, 2009, wasichana 12, moto wa mshumaa. Hao hawakuwa na mwenzao mwenye petroli.

Baba Wanne: Sawa, nimesikia. Basi komeo liwe la ndani, mtu asukume atoke bila ufunguo. Lakini ua urefushwe na mlinzi wa usiku aongezwe, na hesabu ya watoto ifanywe kabla ya kulala, kitanda kwa kitanda. Hizo pesa nitachanga. Ila mazoezi ya saa nane usiku bila kuniarifu, hapo bado sijakubali.

Mwalimu wa Zamu: Ukiarifiwa utamwambia mtoto, naye atalala na viatu.

Mama wa Kidato cha Pili: Tunarudi shuleni Ijumaa. Nitauliza stima ikipotea saa nane, ufunguo uko kwa nani na yeye analala wapi.

Matroni Mstaafu: Uliza na kama ana tochi. Mimi sikuwa nayo.