Mfumo wa oda za ghala Kongowea: nibaki na PHP au nihamie lugha nyingine?

Mwana wa Tudor
Asalaam aleikum. Ami yangu ana ghala la nafaka Kongowea, nami nilimtengenezea mfumo wa oda kwa lugha ya PHP na Laravel, kiunzi chake cha kujengea tovuti. Sasa anataka karani aone kwenye simu magunia yaliyobaki yakibadilika papo hapo, bila ukurasa kufunguka upya kila akigusa kitu. Shida kubwa ni kwamba ndani ya ghala mtandao hukatika. Wiki iliyopita karani alijaza mistari 14 ya mchele na maharagwe, akabonyeza tuma, akapata ukurasa mtupu, na mteja ameshaondoka. Iliniuma sana. Rafiki yangu ananiambia nianze upya kwa lugha ya Python na kiunzi chake Django. Niko peke yangu na nina miezi miwili. Nisaidieni.

Binti Kibokoni
Waaleikum salaam kakangu. Python ndiyo inayonilisha, lakini hapa haikufai. Django hukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, kama Laravel, na mtandao ukikatika seva huifikii, iwe imeandikwa kwa lugha gani. Anachobaki nacho karani ni kivinjari cha simu, na lugha yake ni JavaScript tangu 1995. Oda iandikwe kwanza humo humo kwenye simu, ndani ya IndexedDB (hifadhi ya data ya kivinjari), itumwe mtandao ukirudi. Na kila oda ipewe namba hukohuko kwenye simu, ili ikifika mara mbili seva iitambue, magunia yasitoke mara mbili. Hilo wengi hulijua baada ya hasara.

Fundi wa Likoni
Kweli kabisa, ila andika kwa TypeScript, yaani JavaScript inayokagua aina za data. Mimi JavaScript tupu iliniliza: bei 1200, usafiri 300, jumla ikatoka 1200300! Kinachotoka kwenye kisanduku cha fomu ni maandishi, na alama ya kujumlisha ya JavaScript huyagandisha pamoja. PHP ingekupa 1500, maana yenyewe huunganisha maandishi kwa nukta. Wewe uliyezoea PHP utaingia shimo hilo mchana kweupe. TypeScript, ukishaiambia bei ni namba, hukukatalia kabla programu haijaanza kazi.

Mzee wa Majengo
Mwanangu, usibomoe nyumba kwa sababu ya mlango. Laravel ibaki kwenye seva. Ukurasa wa oda peke yake uandike kwa Vue, kiunzi cha JavaScript cha kurasa, na hiyo TypeScript. Na ujaribu kwa simu ya karani mwenyewe, ndani ya ghala, si kwa kompyuta yako.

Mwana wa Tudor
Shukran jazila. Limebaki moja: makarani wawili bila mtandao wakiuza magunia yale yale ya mwisho?

Binti Kibokoni
Hapo lugha haikusaidii, ni utaratibu. Simu ionyeshe hesabu ya magunia ni ya saa ngapi, na oda isomeke "inasubiri" mpaka seva iikubali. Karani asimwambie mteja "tayari" kabla ya hapo.