Mdogo wangu katoka wodi ya akili, dawa anatumia ila maisha yamesimama. Nianzie wapi?

MamaShani_Tmk
Wakuu habari za saa hizi. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 24, alikua mwaka wa pili chuo akaanza kusikia sauti, tukazunguka nae kwa waganga na kwenye maombi mpaka mwisho akalazwa, wakasema ni skizofrenia. Sasa katoka, sauti anasema zimepungua sana, kila mwezi anachoma sindano ya Modecate kliniki. Shida iliyobaki ni hii, kutwa yuko kitandani kageukia ukutani, ukimpa chai mkono unatetemeka mpaka nusu inaishia kwenye kisosi, kuoga mpaka abembelezwe. Mama anamfanyia kila kitu hadi kumnyooshea shati, baba mdogo nae anasema kijana anadeka, anunuliwe bodaboda ajitegemee. Hivi baada ya hospitali kunakuaga na hatua nyingine au ndo basi? Matusi sitaki tafadhali.

Kijoti
Muozesheni dada, mke atamchangamsha

Nesi_Zamu_ya_Usiku
@Kijoti huyo binti wa watu kakukosea nini?

Pole dada. Tuanze na huo mkono, Modecate inaweza kuleta kutetemeka, kukakamaa na mwili kua mzito, sio kudeka. Msiikatize kimyakimya, mwambieni daktari, kuna kidonge cha kutuliza hiyo hali au daktari mwenyewe atapunguza dozi. Bodaboda kwa sasa hapana jamani, mtu mzito hivyo na mikono inacheza utamwachiaje barabara ya Mbagala.

Halafu huko kulala kutwa na kukosa hamu ya kitu chochote nako ni ugonjwa, dawa inazima sauti vizuri tu ila upande huu haiugusi sana. Hapo ndo inaingia tiba ya utengamao, yaani kumrudisha mtu taratibu kwenye kujihudumia, kazi na kuishi na watu. Mpeni kazi moja, saa ileile kila siku, mfano asubuhi maandazi ya nyumba nzima ananunua yeye na chenji anarudisha. Akikosea chenji msimpigie kelele. Akizoea ndo muongeze nyingine, na hilo shati anyooshe mwenyewe hata likibaki na mikunjo. Kliniki ulizeni pia habari za Vikuruti, kile kijiji cha utengamao cha Muhimbili, wanapokea waliokwisha tulia.

Mtu_wa_Milimani
Huku Korogwe tuna Lutindi, hospitali ya akili ya Walutheri tangu 1904, ilianza kama kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Kule kazi ni sehemu ya matibabu kabisa, kuna shamba la chai, bustani, karakana. Mjomba wangu alirudi anajua kusuka vikapu, hajapona moja kwa moja na dawa anameza hadi leo, ila akiamka ana pa kushika.

Mbongo_Massachusetts
Mi mwanangu ana miaka 12, hasira na wasiwasi, shule ilishatushinda. Huku Massachusetts, Marekani, kwa watoto wenye bima ya serikali, MassHealth, mpaka wafike miaka 21 kuna huduma ya menta wa tiba, anaombewa na mtaalamu anaemtibu mtoto. Menta hakai ofisini, anakuja nyumbani anamchukua wanaenda maktaba au uwanja wa kikapu, na huko ndo anamfundisha kupanga foleni bila kugombana, kuagiza chakula mwenyewe, kupoa akishindwa mchezo. Najua Bongo hamna hiyo bima ila jambo lenyewe linawezekana, tafuteni mtu mmoja asie mama wala baba mdogo, labda binamu au jirani mstaarabu, atoke nae siku maalum kila wiki. Mama hawezi kua mama na kocha kwa wakati mmoja, atachoka.

MamaShani_Tmk
Asanteni sana aisee, nesi ubarikiwe. Kuna fundi redio hapa mtaani walikua wanaelewana toka zamani, nitamuomba. Huko Vikuruti mtu anaenda tu au mpaka barua?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Anzia kwa daktari wake, yeye ndo ataandika rufaa. Gharama zikiwabana muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Na huyo fundi mwambieni dalili mapema, kijana akianza kukesha usiku mfululizo au kuongea peke yake, mpelekeni siku hiyohiyo msisubiri tarehe ya sindano.

Kijoti
Haya nimeelewa, samahani dada