Barua mbili mezani: chuo cha kuanza Januari chenye muhula wa mafunzo kazini, au chuo cha jimbo Septemba?

BabaNeema (Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na wenye uzoefu watangulie kabla ya wenye utani, kwani majibu yanatakiwa ifikapo tarehe 1 Mei.

Binti yangu anamaliza sekondari mwezi Juni. Barua ya kwanza ni ya chuo binafsi kule Massachusetts, kidogo, chenye jina. Wamemkubali, ila aanze Januari. Agosti hadi Desemba wanamwekea kitu wanachokiita muhula wa mafunzo kazini, mjini Boston, kupitia kampuni wanayoshirikiana nayo. Gharama ya chuo ni dola 86,000 kwa mwaka, msaada wanaotoa ni 68,000. Inabaki 18,000. Huo muhula wa mafunzo una bei yake, dola 9,800, na msaada haugusi hapo.

Barua ya pili ni University of Minnesota, hapa hapa Twin Cities (Minneapolis na St. Paul), kuanza muhula wa vuli, Septemba, kama watu wote. Kipato chetu mimi na mama yake ni kama 74,000, kwa hiyo North Star Promise, mpango wa jimbo wa kulipia ada familia za kipato kidogo, inatuingiza na ada yote inafutika. Tunabaki na chakula, vitabu na malazi.

Mimi moyo uko chuo cha jimbo. Mama yake anasema jina la kile chuo litamfungulia milango maisha yake yote. Neema yuko kimya, na ukimya wake ndio unaonitisha.

ShangaziZuhura (Houston)

Baba Neema, umekataza utani lakini nitauliza swali moja la kweli. Hiyo 9,800 analipwa au analipa?

BabaNeema

Analipa, shangazi. Nimesoma mara tatu nikidhani nimekosea.

ShangaziZuhura

Basi mimi nimemaliza. Nilibeba maboksi ghala zima miaka minne, sijawahi kuombwa hela ya kuingilia.

MzeeWaLowell (Massachusetts)

Pole pole na kucheka. Mimi niko huku, dakika arobaini kutoka Boston, na wanangu wawili wamepitia vyuo vya huku. Hiyo 9,800 soma ndani yake kuna nini. Kuna programu ambazo bei hiyo inabeba chumba, msimamizi, na kozi moja au mbili zenye krediti. Kuna nyingine ni utambulisho tu: wanakutafutia ofisi, halafu kulala na kula utajijua. Boston chumba cha kushiriki na mwenzako hukipati kirahisi chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Zidisha mara tano, ongeza nauli na koti la baridi. Minnesota mnajua baridi, koti mnalo.

Jambo la pili, kuanza Januari peke yake si aibu. Sisi Wakenya wa umri wangu, enzi za Moi, tulikaa karibu miaka miwili kati ya mtihani na chuo. Hakuna aliyetuambia tumepewa udahili wa daraja la pili. Nilifundisha shule ya msingi kijijini kama mwalimu asiye na cheti, na hapo ndipo nilipojifunza kusimama mbele ya watu.

BintiMwambao (Vermont)

Nimeingia kwa sababu mimi ndiye huyo wa Januari. Kwetu ni Februari hasa: Middlebury huchukua wanafunzi wapatao mia moja kila mwaka wa kuanza Februari, na tunaitwa Febs. Hata mwaka wetu wa kuhitimu unaandikwa na nusu yake, kama 2028.5. Siku ya kuhitimu tunateremka mlima kwa skii tukiwa na majoho na kofia. Mama yangu aliiona hiyo video Mombasa akasema mwanangu wamemfanya nini.

Ila sikilizeni tofauti. Chuo hakikunipangia miezi ile wala hakikuniuzia. Kila mtu anafanya lake: wengine wanafanya kazi, wengine wanasafiri, wengine wanatafuta mafunzo wenyewe. Mimi nilikaa kwa mjomba Mombasa nikimsaidia kwenye duka lake la dawa, nikaandika madeni ya wateja kwenye daftari hadi vidole vikachoka. Nilipofika chuoni Februari nilikuta wenzangu wa Septemba tayari wana makundi yao, lakini sisi mia moja tulikuja pamoja, tukapokelewa pamoja, na marafiki zangu wa leo ni wale wale. Kwa hiyo Baba Neema muulize chuo: wa Januari ni wangapi? Wakiwa kumi na watano, atakuwa kama mgeni aliyefika arusini chakula kimeshaliwa.

KaraniWaAda (Maryland)

Nafanya kazi ofisi ya msaada wa ada kwenye chuo kimoja, sisemi kipi. Nitaeleza mambo ambayo barua huwa hazisemi.

Pell, yaani ruzuku ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wa kipato kidogo, na mikopo ya serikali hiyo humfuata mwanafunzi aliyesajiliwa kwenye programu ya shahada. Kama Agosti hadi Desemba hajasajiliwa chuoni, kwa hesabu zetu hayupo. Kiwango cha juu cha Pell mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395, na hicho ni cha mwaka mzima. Anayesoma muhula mmoja hupata kama nusu ya stahili yake. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi haupiti 5,500. Kwa hiyo ile 9,800 inatoka mfukoni mwako, au kwenye mkopo wa benki binafsi, ambao sikushauri.

Sasa linganisha, Baba Neema. Mwaka wa kwanza Neema atakuwa chuoni nusu mwaka tu. Nusu ya 18,000 ni 9,000. Yaani muhula ambao si mwanafunzi unakugharimu kuliko muhula ambao ni mwanafunzi.

Kwa nini vyuo hufanya hivi? Kuna sababu nzuri na kuna sababu ya takwimu. Nzuri ni vitanda: wanafunzi wa mwaka wa tatu huenda kusoma nje, wengine humaliza Desemba, kwa hiyo Januari mabweni yana nafasi na ada inahitajika. Ya takwimu ni kwamba zile asilimia za waliokubaliwa na wastani wa alama za mitihani ambazo vyuo hutangaza huhesabu wanaoingia vuli. Wa Januari hawaonekani humo. Haina maana kwamba binti yako hafai, nimeona wa Januari wengi wakimaliza vizuri kabisa. Ila msidhani mpango huu ulibuniwa kwa faida yake.

Na hili ni la upande wako wa pili, maana naona watu wanausifu bila kuukagua. North Star Promise ina ukomo wa 80,000 ya kipato kilichorekebishwa kwenye fomu ya kodi. Haishuki kidogo kidogo, ukivuka umetoka. Na FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa ada, huangalia kodi ya miaka miwili nyuma. Ovataimu utakayopiga mwaka huu itamkuta Neema akiwa mwaka wa tatu. Mko 74,000. Hesabu vizuri kabla ya kukubali zamu za sikukuu.

BabaNeema

Karani, ubarikiwe. Hilo la ovataimu sikulijua na mke wangu hakulijua. Desemba iliyopita tulipiga zamu mbili mbili wote wawili.

KaraniWaAda

Angalieni mstari wa kipato kilichorekebishwa, si jumla ya hundi. Mkiweka fedha kwenye akiba ya uzeeni kupitia mwajiri, mstari huo unashuka. Kamuoneni anayewafanyia kodi.

KindaLaMwanza (Ohio)

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Dar, Mombasa au Kampala, tafadhali msinakili mpango wa Neema. Neema ana makaratasi ya kudumu. Mimi niko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na nilipewa barua ya namna hii hii.

Fomu yangu ya I-20, ile ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza, ilianza Januari. Huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyoandikwa humo, kwa hiyo mafunzo ya Boston mwezi Septemba kwangu yalikuwa ndoto ya mchana. Na hata ukishafika, mafunzo ya kazi nje ya chuo kwa kawaida hayaruhusiwi mpaka umalize mwaka mzima wa masomo. Ndani ya chuo unaweza kufanya kazi, saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Barua ile haikutaja hata moja ya haya. Ilipambwa picha za vijana wamevaa suti.

Niliandikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wakanijibu ndani ya siku mbili kwamba naweza kufanya mafunzo yangu nyumbani. Nikakaa Mwanza kwenye ofisi ya uhasibu ya baba mdogo, bure, nikala ugali wa mama miezi mitano zaidi. Sikujuta. Ila ningelipa ile hela ya programu kwanza, sijui ningeidai kwa nani.

MjukuuWaFundi (Seattle)

Hakuna aliyeuliza binti anataka kusoma nini?

BabaNeema

Uhandisi wa tiba, au kemia. Bado anayumba kati ya hizo mbili.

MjukuuWaFundi

Basi hilo lina uzito kuliko hela, nisameheni. Mimi ni mhandisi. Masomo yetu ni ngazi: hesabu ya kwanza inaanza vuli, ya pili Januari, fizikia inasubiri hesabu, kozi ya mwaka wa pili inasubiri fizikia. Kemia vile vile. Anayeingia Januari kwenye chuo kidogo anaweza kukuta kozi ya kwanza haifundishwi mpaka Septemba ijayo, maana hawana walimu wa kuirudia kila muhula. Anapoteza si miezi mitano, anapoteza mwaka, au anaziba kiangazi kwa kulipia. Angekuwa anasoma historia ningenyamaza.

Waombe ratiba ya kozi ya Januari iliyopita. Si ahadi, ratiba. Na usikimbilie kumwandikisha chuo cha jamii hapo mtaani vuli ili aokoe muda, kabla hujauliza; baadhi ya vyuo ukichukua krediti nyingi kwingine wanakubadilishia daraja uwe mwanafunzi wa kuhamia, na msaada wako unapigwa hesabu upya.

MamaKevo (Dallas)

Mimi nitamtetea mama Neema kwa sababu hayupo hapa. Mwanangu alienda chuo kidogo cha jina. Darasa watu kumi na wawili, mwalimu anamjua kwa jina, anajua na mimi naitwa nani. Chuo kikubwa cha jimbo mwaka wa kwanza unakaa ukumbini na watu mia tatu, mtoto mkimya anazama na hakuna anayeona. Umesema Neema ni mkimya. 18,000 kwa mwaka kwa chuo cha 86,000 si ofa ya kutupa. Hapa mmeipiga mawe programu, lakini chuo chenyewe hamjakigusa.

MzeeWaLowell

Mama Kevo ana haki. Programu na chuo ni vitu viwili. Baba Neema, waulize kama hiyo programu ni lazima.

BabaNeema

Nimerudi. Siku nne zimepita, nimepiga simu mara tatu na Neema amepiga moja, ya kwake ikazaa matunda kuliko zangu zote.

Programu si lazima. Barua imeandikwa kama vile ni lazima, lakini ukiuliza wanasema ni "pendekezo". Anaweza kukaa nyumbani, afanye kazi, aende Januari na msaada wake ule ule. Wa Januari mwaka jana walikuwa 31. Krediti za mafunzo: mbili, na hazihesabiwi kwenye uhandisi. Sehemu ya mafunzo haijulikani mpaka Julai na hawaahidi kuwa itakuwa ya hospitali au maabara. Ratiba ya Januari walitutumia: kemia ya kwanza ipo, hesabu ya kwanza haipo.

Jana nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja alfajiri nikamkuta jikoni na karatasi. Ameziandika safu mbili kwa penseli. Akaniambia, "Baba, wewe unalipwa kwa saa kubeba mizigo. Mimi nilipe 9,800 nibebe mafaili ya watu. Sasa hapo msomi nani?" Nikacheka mpaka mama yake akaamka.

Mama yake alitaka aende Massachusetts bila hiyo programu. Wamezungumza wenyewe wawili chumbani, sikualikwa. Walipotoka ikawa chuo cha jimbo. Kilichoamua ni ile hesabu ya kwanza kutokuwepo Januari, hela ilikuja baadaye. Mjukuu wa Fundi, una soda yako siku ukipita Minnesota.

Leo tumelipa ya kuthibitisha nafasi. Kile chuo kingine ameandika mwenyewe barua ya kukataa kwa adabu, mistari mitano.

Sasa kuna jipya. Anataka kukaa bwenini. Nyumba iko dakika ishirini na tano kwa gari, ada imefutwa, na anataka nilipie kitanda ilhali kitanda chake kipo. Anasema ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na maabara zinaisha usiku. Hilo nalifungulia uzi mwingine.

ShangaziZuhura

Usifungue. Mpe bweni.