Wakuu msaada, sebule inamaliza LUKU (niko Tanga)

Kijana wa Makorora: Wakuu salaam. Naishi na mke na mtoto mmoja, zamani umeme wa elfu 9 ulikuwa unatuvusha mwezi mzima, sasa hivi katikati ya mwezi umekata, naweka elfu 10 nyingine hata wiki haimalizi na mita inaanza kulia usiku mtoto anashtuka. Hatupikii umeme. Ni friji ndogo, feni, na sebuleni TV, king'amuzi na sabufa. Naomba kujua nipunguze vipi hapo sebuleni, nimechoka kukopa.

Mama Zuu: Pole mwanangu. Chomoa kwenye soketi, usizime kwa rimoti tu, king'amuzi kikiwaka ile taa nyekundu bado kinakula. Marehemu mume wangu alikuwa halali bila taarab, asubuhi nakuta redio inaimba peke yake na yeye anakoroma, tuligombana sana kwa hilo, na leo natamani hata aiwashe.

Barabara ya 9: Mkuu umevuka uniti 75 hapo. Kama uko D1, lile daraja la watumiaji wadogo wa majumbani, zile 75 za mwanzo kwa mwezi ni shilingi 100 moja kabla ya makato, ukivuka kila uniti inaruka hadi 350. Ndo maana elfu 10 ya pili haina maisha.

Fundi Redio Ngamiani: TV gani, inchi ngapi?

Kijana wa Makorora: TV ya kawaida tu fundi, flati.

Fundi Redio Ngamiani: Flati ziko za aina nyingi. Igeuze usome kibandiko cha nyuma.

Kijana wa Makorora: Inchi 50, ni plazma, mtumba nimeletewa kutoka Zanzibar. Imeandikwa 350W. Lakini picha yake ni kali wakuu, siwezi kuiuza, na vijana wa mtaani wanakuja kuangalia mpira, wananipa mia tano tano.

Mama Zuu: Kumbe biashara! Na mke unamwambia umeme unaisha kwa pasi?

Fundi Redio Ngamiani: Sasa tunaongea. Wati 350 kwa saa 8 ni karibu uniti 3 kwa siku, mwezi unapita 80, hiyo TV peke yake inakuvusha 75. LED ya inchi 32 inacheza kwenye wati 50 hivi. Ukiing'ang'ania punguza mwangaza, plazma picha ikiwa nyeupe ndo inakula zaidi.

Kijana wa Makorora: Ila kuna kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinapunguza umeme, nimeshatanguliza elfu 20. Jamaa alinipimia mbele ya macho yangu, ampia zikashuka.

Fundi Redio Ngamiani: Ampia zinaweza kushuka kweli, ila LUKU ya nyumbani haihesabu ampia, inahesabu wati zinazotumika, na hizo hazishuki.

Pweza Mkavu: Wakuu mnachezewa. Kwanza familia, halafu plazma, halafu kibanda umiza, sasa kifaa. Kesho ataweka namba ya simu tuagize. Hii stori imetungwa.

Barabara ya 9: Hata mimi nimestuka. Weka ushahidi bwana mdogo.

Kijana wa Makorora: Wallahi siuzi kitu. Semeni niwaonyeshe nini.

Fundi Redio Ngamiani: Kama mita yako imeandikwa 1000 imp/kWh, ile taa ikipiga mara moja ni wati-saa moja imekwenda. Zima friji, hesabu dakika moja bila TV, halafu na TV.

Kijana wa Makorora: Nimerudi, mke wangu ndo ameshika tochi. Feni peke yake imepiga 1. Nikawasha plazma, 7. Nikaenda kwa jirani kuazima kifaa kama hicho hicho nikachomeka, nikasubiri robo saa, nikahesabu mara tatu: 7, 7, 7.

Pweza Mkavu: Basi nisamehe ndugu yangu. Kadai elfu 20 yako.

Kijana wa Makorora: Nimempigia hapokei. Na Jumamosi Coastal wanacheza, vijana tisa wameshanilipa.