Sehemu ya kumtembeza mama kwenye kiti mwendo Dodoma: Chinangali, Nyerere Square, korongoni au Hombolo?

Binti Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuamua kabla ya Jumamosi. Mama yangu anatumia kiti mwendo, natafuta njia ya kumzungusha jioni: tunaanzia mahali, tunazunguka, tunarudi palepale bila kuvuka barabara kubwa. Ikiwezekana aone maji. Nimewaza bustani ya Chinangali, Nyerere Square, kando ya korongo, au bwawa la Hombolo. Ipi inafaa?

Mgogo wa Ntyuka
Mbukwenyi. Dada, umeuliza nusu. Mnakaa wapi? Anasukumwa au anajisukuma? Anaweza kusimama akapanda bajaji? Gari mnalo? Na korongo lipi? Mji huu una makorongo kila upande.

Mama Wawili
Chinangali. Kuna kivuli na watoto wanacheza. Mgonjwa akiona watoto moyo unafunguka, nimeshuhudia kwa mama mkwe wangu.

Mzee wa Reli
Jioni ya wikiendi Chinangali imejaa, utasukuma kiti huku unaomba njia. Mimi nasema Nyerere Square asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla maduka hayajafunguliwa. Pametulia, na kinachotakiwa mizunguko mitatu minne tu. Ila maji hapana.

Binti Kilosa
Samahani, nimeandika kwa haraka. Tunakaa Ilazo. Mama ana miaka 71, kiharusi kilimpata mwaka jana, upande wa kushoto hauna nguvu. Anasukumwa, kiti kina tairi za upepo. Anasimama akishikwa. Gari hatuna. Habari ya maji ni hivi: kazaliwa Kilosa, kwao ilikuwa jirani na mto Mkondoa. Tangu augue, kila jioni anauliza mto uko upande gani. Sina la kumjibu.

Mgogo wa Ntyuka
Pole sana dada. Basi korongo liondoe kwenye orodha. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka mzima. Miezi mingine mto ni mchanga mtupu, na magurudumu madogo ya mbele yakiingia kwenye mchanga yanazama. Masika ni hatari zaidi: mvua inanyesha huko juu, hapa jua linawaka, mara maji haya hapa. Mtu mwenye miguu yake anakimbia. Mama yako je?

Fundi Baiskeli Makole
Na mbigili. Pembeni ya korongo mbigili ni zulia. Tairi ya upepo haimalizi nusu saa.

Nieleze yaliyonikuta na baba, maana wengi mnaangalia mandhari na hamwangalii chini. Mwaka juzi nilimpeleka njia moja ya pevingi, sitaitaja, kwa macho nzuri kabisa. Mwanzoni tulikwenda vizuri, baba anasalimia watu. Tukafika penye mtaro wa kuvuka, mifuniko ya zege imepangwa lakini mmoja haupo. Nikaona pengo dogo, nikasema nitapita pembeni. Gurudumu la mbele likaingia, kiti kikasimama ghafla, baba akaendelea mbele. Aliangukia mkono uleule dhaifu. Kijana wa bodaboda na mama muuza karanga ndio walionisaidia kumnyanyua. Mkono ulikaa kwenye bendeji wiki tano, lakini kilichoumiza zaidi ni kwamba alikataa kutoka nje miezi minne. Alikuwa ameanza kuchangamka.

Kwa hiyo, dada, nenda kwanza peke yako na kiti kitupu. Zunguka njia nzima. Penye ukingo au pengo, geuza kiti, vuka kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Penye rampu pima kwa jicho: kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji mita 1.2 za urefu. Ikiwa fupi zaidi utachoka, na kushuka utashindwa kuzuia.

Mnyaturu Halisi
Singida hamjaitaja? Ziwa Singidani na Kindai yako mjini kabisa, maji hayakauki kama korongo. Lami moja kwa moja kupitia Manyoni.

Mama Wawili
Kilomita zaidi ya 200 kwa mgonjwa wa kiharusi, kila jioni? Kaka, soma swali.

Mnyaturu Halisi
Sijasema kila jioni.

Mpangamji
Mimi linaniuma jambo jingine. Ramani kuu ya Dodoma ya 1976 ilimtanguliza mtembea kwa miguu. Makorongo yetu yangepangwa vizuri yangekuwa njia za matembezi za mji mzima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010.

Mgogo wa Ntyuka
Na zile mita 60 kutoka ukingo wa mto je? Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, hakuna kujenga ukingoni.

Mpangamji
Inazuia shughuli za kudumu au zinazoharibu ukingo. Udongo ulioshindiliwa na miti pembeni unaharibu nini? Miti ndiyo ingeshika ukingo.

Mgogo wa Ntyuka
Leo njia, kesho kibanda cha chipsi, keshokutwa nyumba. Nimeyaona.

Mzee wa Reli
Turudi kwa mama. Binti, mwambie hivi. Bwawa la Hombolo limezuia Kinyasungwe Ndogo. Kinyasungwe ikishuka inapita Gulwe na Godegode pamoja na reli, na ikifika Kilosa ndiyo hiyo Mkondoa yake, kisha Wami mpaka baharini. Naijua, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibeba reli yetu kati ya Gulwe na Kilosa. Mama akikaa Hombolo anaangalia maji ya kwao kabla hayajafika kwao.

Binti Kilosa
Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma nikalia.

Mama Wawili
Lakini Hombolo kusukuma kiti hakuna, ni udongo na mawe. Ni pa kukaa chini ya mti.

Fundi Baiskeli Makole
Badilisha tairi kwanza, weka ngumu zisizo na upepo.

Mnyaturu Halisi
Tairi ngumu zinatikisa mgongo. Mgonjwa ataumia.

Fundi Baiskeli Makole
Weka mto wa sponji. Pancha ukiwa Hombolo na mgonjwa utafanya nini?

Binti Kilosa
Kesho alfajiri nakwenda Nyerere Square na kiti kitupu, jioni Chinangali. Mama nimemsomea habari ya Kinyasungwe, akanyamaza kidogo, akauliza Hombolo ni mwendo gani kwa gari. Mwenye kumjua dereva wa Noah mwenye subira aniambie.

Mgogo wa Ntyuka
Yupo, ndugu yangu wa Nzuguni. Kiti kinakunjika?